Kemia, kompyuta kubwa na kujitolea: je, Dorothy Hodgkin alibeba mizigo mitatu au mmoja?

#1 Mrututu

Salaam wanajukwaa. Nina shahada ya kemia, huu ni mwaka wa pili ninafundisha kwa kujitolea katika shule ya sekondari ya kata, na usiku ninajifunza kuandika programu za kukokotoa maumbo ya molekuli kwa kompyuta mpakato iliyochakaa kuliko mwenye nayo. Wiki hii mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilipia ada, alinikalisha chini akaniambia kwamba mshika mawili moja humponyoka, sembuse mimi niliyeshika matatu.

Sikumjibu, kwa kuwa mjomba hajibiwi papo kwa papo. Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nikamkumbuka Dorothy Hodgkin wa Oxford, aliyepata Nobeli ya Kemia mwaka 1964 peke yake, bila kugawana na mtu. Mama huyu alikuwa mkemia, alitumia mashine za kukokotoa zilizokuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi za wakati wake, na kuanzia mwaka 1976 hadi 1988 alikuwa rais wa Pugwash, jumuiya ya wanasayansi wanaopinga silaha za nyuklia, kazi ambayo haikuwa ajira yake. Nadai kwamba mambo hayo hayakuwa mizigo mitatu, bali kila moja lilimsaidia jingine. Anayepinga anipinge kwa hoja, nami nitampelekea mjomba majibu yenu kama yalivyo.

#2 Bibi_Fuwele

Karibu, Mrututu. Sijui kama ulichagua jina hilo kwa kujua au kwa bahati, maana Dorothy, aliyezaliwa Cairo mwaka 1910, alianzia hapo hapo. Akiwa na umri wa miaka kumi, katika darasa dogo huko Uingereza, walimfundisha kuyeyusha shabu na mrututu katika maji, vitu vile vile ambavyo kwetu unavipata sokoni, kisha kuyaacha maji yakauke taratibu hadi fuwele, yaani vipande vigumu vyenye pande zilizonyooka, zijitengeneze zenyewe. Alipokwenda Khartoum kuwatembelea wazazi wake, mkemia mmoja rafiki wa familia alimpa sanduku la kemikali za kupimia madini, na binti huyo akakaa bustanini akipima mchanga mweusi alioukuta mle.

Kwa hiyo maelezo yangu ni mepesi kuliko yako. Hakuwa na mambo matatu wala mawili. Alikuwa na fuwele, na mengine yote yalizifuata. Picha ya kwanza ya eksirei ya fuwele ya insulini aliipiga mwaka 1935, na muundo wake aliupata mwaka 1969. Miaka 34! Nobeli yake ya insulini ni Nobeli ya uvumilivu.

#3 Mzee_wa_Titresheni

Bibi_Fuwele, nakuheshimu, lakini hesabu hiyo haikubaliani na kalenda. Nobeli alipewa mwaka 1964, na muundo wa insulini ulipatikana miaka mitano baadaye. Tuzo ilitolewa kwa miundo ya vitu muhimu katika viumbe hai, na vilivyobeba uzito ni penisilini, aliyoimaliza mwaka 1945, na vitamini B12, aliyoimaliza katikati ya miaka ya 1950. Insulini ilikuja wakati medali iko kabatini.

Kwa mleta uzi nina neno moja lisilopendeza. Mwaka 1976, alipochukua urais wa Pugwash, mama huyu alikuwa na umri wa miaka 66. Alikuwa ameshamaliza kazi kubwa, ameshapata heshima zote, ndipo akaanza kuitumikia dunia. Mimi nimefundisha maabara kwa miaka 31, na nimeona vijana wengi wenye akili waliotaka kufanya yote kabla ya kujua kusoma bureti. Kemia kwanza, mjomba wako hakukosea.

#4 Kadi_ya_Matundu

Naomba nikae kwenye kompyuta, kwa sababu ndiko watu wanakopita haraka.

Eksirei ikipiga fuwele, inatawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Madoa yanakupa ukali wa kila wimbi, lakini hayakupi awamu yake, yaani vilele vya wimbi vinaangukia wapi, na bila awamu huwezi kuchora ramani inayoonyesha elektroni zimesongamana wapi. Kwa hiyo unakisia, unakokotoa, unatazama ramani, unarekebisha makisio, unakokotoa tena. Kila nukta ya ramani ni jumla ya mamia au maelfu ya mawimbi. Katika miaka ya 1930 na 1940 hesabu hiyo ilifanywa kwa vipande vya karatasi ngumu vinavyoitwa vya Beevers na Lipson, ambavyo kila kimoja kilichapwa thamani za wimbi moja. Vilipangwa kwa mstari ndani ya sanduku la mbao; unachomoa kimoja kimoja, unaviweka mezani sambamba, unajumlisha safu kwa penseli, kisha unavirudisha mahali pake. Ole wake aliyeliangusha sanduku.

Kwa penisilini, Dorothy aliongeza mashine za kadi zenye matundu, na hapo ndipo kompyuta na kemia ya namna hii zilipooana. Kwa vitamini B12 alikwenda mbali zaidi. Kenneth Trueblood wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa na nafasi ya kutumia SWAC, mashine iliyokamilika mwaka 1950 ikiwa na vali za umeme 2,300, ambayo kwa takriban mwaka mmoja ilihesabiwa kuwa yenye kasi kuliko zote duniani. Alijitolea kumkokotolea bure. Vipimo vilitoka Oxford, majibu yakarudi kwa barua za ndege na telegramu. Ramani ya molekuli yenye atomu 181 ilichorwa na pande mbili zilizotenganishwa na bahari ya Atlantiki na bara zima la Marekani.

Mrututu, tazama neno "bure" hapo juu. Kujitolea kulikoleta vitamini B12 kulikuwa kwa Trueblood, si kwa Dorothy.

#5 Kitochi_Cheusi

Samahani wakubwa, nimesoma kwamba SWAC ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 256 tu ndani ya mirija yake. Simu yangu ya kitochi inahifadhi namba za wadeni wangu zaidi ya hizo. Je, ni haki kweli kuiita kompyuta kubwa?

#6 Kadi_ya_Matundu

Ni haki kabisa, ndugu yangu. Ukubwa wa kompyuta hupimwa kwa kulinganisha na wenzake wa siku ile. Mtumbwi ni chombo kikubwa pale ambapo wengine wote wanaogelea. Hongera kwa kuwa na wadeni wengi kiasi hicho.

#7 Ngambo_ya_Severn

Ninaishi Bristol, ambako Dorothy alikuwa mkuu wa chuo kikuu, ule ukuu wa heshima, kuanzia mwaka 1970 hadi 1988, na huku jina lake limebaki pia kwenye msaada kwa wanafunzi wanaotoka nchi zinazoendelea. Kwa hiyo sikubaliani na Mzee_wa_Titresheni (#3) kwamba utumishi ulikuwa wa uzeeni.

Mwaka 1925, akiwa kijana wa miaka 15, alifuatana na mama yake hadi Geneva kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa ule wa zamani, Ligi. Mama huyo alikuwa amepoteza ndugu zake wa kiume wanne katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtoto anayekua katika nyumba yenye msiba wa namna hiyo hahitaji kungoja miaka 66 ili aichukie vita. Mwaka 1953, wakati anaihangaikia B12, alialikwa Pasadena kwenye mkutano wa protini ulioandaliwa na mkemia Linus Pauling, akanyimwa viza ya Marekani kwa sababu ya uhusiano wake na vyama vya amani. Huyo aliyetumikia dunia baada ya kumaliza kazi angenyimwaje viza katikati ya kazi?

Kwa hiyo maelezo yangu yanatofautiana na ya Bibi_Fuwele na ya Kadi pia. Utumishi haukumsaidia katika kemia kama Mrututu anavyodai, ulimgharimu. Alilipa, akaendelea. Na Pugwash walipopewa Nobeli ya Amani mwaka 1995, yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

#8 Kitochi_Cheusi

Alinyimwa kwa kuwa alikuwa mkomunisti, semeni ukweli.

#9 Ngambo_ya_Severn

Hapana. Mume wake, Thomas Hodgkin, mwanahistoria wa Afrika, ndiye aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti kwa muda. Dorothy hakuwa mwanachama. Tofauti hiyo maafisa wa uhamiaji wa wakati ule hawakuijali sana, nawe naona umefuata nyayo zao.

#10 Mama_wa_Watatu

Nimewasoma nyote kwa utulivu, na ninashangaa kwamba katika posti tisa hakuna aliyeuliza nani alikuwa anapika.

Dorothy alikuwa na watoto watatu. Alipojifungua wa kwanza mwaka 1938, chuo chake cha Somerville kilimlipa mshahara wa likizo ya uzazi, jambo ambalo Oxford haikulizoea. Nyumbani walikuwepo wasaidizi, na baadaye ndugu yake wa kike alihamia nyumba hiyo hiyo pamoja na watoto wake watano. Mume alikuwa na vipindi virefu vya kuishi mbali kwa ajili ya kazi, hasa Ghana, na kwa kweli habari ya Nobeli ilimkuta Dorothy huko huko Ghana alikokwenda kumtembelea. Wakati huo mtoto wao mkubwa alikuwa akifundisha hisabati Algiers, binti alikuwa mwalimu katika shule ya wasichana Zambia, na mdogo alikuwa amemaliza mwaka mmoja India.

Mimi mwenyewe ni mkemia wa maji katika maabara ya mkoa. Nilipewa nafasi ya mafunzo ya ukokotoaji ya miezi mitatu nikaikataa, kwa sababu yaya wangu aliondoka Jumapili na mafunzo yalianza Jumatatu. Hakuna aliyenikataza, nilikosa tu mtu wa kumchukua mtoto shuleni saa sita mchana. Mrututu, kabla hujamjibu mjomba, mwulize anayekupikia na kukufulia ni nani, kisha umshukuru.

#11 Mrututu

Shikamoo Mama_wa_Watatu. Anayenipikia ni shangazi, na nimeona haya kuandika jibu hili.

Naomba nimjibu Kadi (#4). Ni kweli aliyejitolea kwa SWAC alikuwa Trueblood. Lakini kwa nini alijitolea kwake na si kwa mwingine? Nadhani mtu aliyezoea kufungua maabara yake kwa wageni kutoka kila nchi ndiye watu wanaomjia na zawadi. Hapo hoja yangu bado inasimama, ingawa kwa mguu mmoja.

#12 Mzee_wa_Titresheni

Au alijitolea kwa sababu tatizo lenyewe lilikuwa tamu. Mwanasayansi mwenye mashine mpya ni kama mtoto mwenye nyundo mpya; anatafuta msumari, na vitamini B12 ulikuwa msumari mkubwa kuliko yote mjini. Usimtafutie maadili mtu aliyekuwa anafurahi.

Namkubali Ngambo_ya_Severn kuhusu mwaka 1925 na 1953. Nilikosea kusema utumishi ulikuja baadaye. Lakini kemia sitaiachia. Alipotangaza kwamba kiini cha penisilini ni pete ndogo ya atomu nne, mkemia John Cornforth alisema kwamba ikiwa hiyo ndiyo fomula, yeye ataacha kemia alime uyoga. Pete ilikuwa ya kweli, na Cornforth hakulima uyoga. Alipata Nobeli yake mwaka 1975. Ninachotaka kusema ni kwamba mashine ya kadi haikujua kwamba wakemia wengi hawataiamini pete ile. Dorothy alijua, na akaisimamia. Huo ndio ukemia, na hauingii kwenye programu.

#13 Niliyekuwa_Eldoret

Uzi umenigusa kwa sababu nimeona jambo hili kwa macho yangu, si Oxford bali kwetu. Mwaka 2012 nilihudhuria Eldoret shule ya ASESMA, ile inayofundisha Waafrika kukokotoa elektroni katika madini na molekuli. Ya kwanza ilifanyika Cape Town mwaka 2010, ikaja Eldoret, na miaka ya karibuni imefika hadi Kigali. Wakufunzi ni maprofesa wenye majina, nao hujitolea muda wao.

Nakumbuka usiku mmoja profesa mwenye mvi alikaa nami kwenye benchi kwa saa mbili, akinionyesha kwamba kosa langu halikuwa katika nadharia bali katika nafasi moja tupu niliyoisahau kwenye faili la maelekezo. Nafasi moja! Kompyuta ilikuwa ikisoma urefu wa pande za fuwele yangu vibaya, ikanipa silikoni iliyobanwa kama imekanyagwa na lori. Aliporidhika alisema neno moja tu: endesha. Nikaendesha, na nishati ikashuka hatua kwa hatua kwenye skrini hadi ikatulia.

Baada ya hapo nilipata ruhusa ya kutuma kazi zangu kwa mbali kwenye kompyuta kubwa ya Cape Town. Ile inayoitwa Lengau, yaani duma kwa Kitswana, ilipozinduliwa mwaka 2016 ilikuwa na uwezo wa hesabu milioni bilioni kwa sekunde. Mimi ninakaa Afrika Mashariki nikila githeri, kazi inaendeshwa kusini mwa bara. Ni Trueblood na Dorothy tena, ila barua za ndege zimekuwa waya.

Maelezo yangu basi ni haya: aliyefundishwa bure hushindwa kukaa bila kufundisha bure. Mimi mwenyewe sasa ninafundisha wengine kila likizo, wala simwoni anayenilazimisha.

#14 Cheti_Kabatini

Naheshimu michango yote, ila neno "kujitolea" linanikera jinsi linavyotumika hapa, kana kwamba ni jambo moja. Profesa mwenye mshahara anayetoa wiki mbili za likizo yake anajitolea. Kijana mwenye shahada anayefundisha vidato vitatu kwa posho inayochangwa na wazazi, akisubiri ajira ambayo kila mwaka huambiwa itatangazwa, huyo anasubiri; tumempa tu jina zuri ili asilalamike. Nilifanya hivyo miaka minne. Mwaka wa tatu niliomba barua ya utambulisho nikaambiwa mimi si mtumishi, hivyo siwezi kupewa barua ya utumishi, na siku iliyofuata nikaambiwa nisimamie mtihani wa vitendo wa kemia peke yangu.

Dorothy alijitolea akiwa na kiti Oxford. Msimlinganishe na Mrututu.

#15 Mama_wa_Watatu

Cheti_Kabatini, umesema vema. Ila hicho kiti usikifikirie cha enzi. Kwa miaka mingi maabara yake ilikuwa chumba cha chini katika jumba la makumbusho la chuo kikuu, na ili aitazame fuwele kwa hadubini ilimbidi apande ngazi hadi kwenye roshani yenye dirisha akiwa ameishika mkononi. Tangu alipokuwa na miaka 28 mikono yake ilikuwa inaharibiwa na baridi yabisi, vidole vimepinda. Alipanda hivyo hivyo.

#16 Cheti_Kabatini

Hilo sikulijua. Kuhusu ngazi nimerudi nyuma, kuhusu barua ya utambulisho sirudi.

#17 Yuniti_Sifuri

Naongeza njia ya tatu ya kujitolea ambayo haihitaji shahada wala roshani. Tangu Oktoba 2000 upo mradi wa Folding@home, ulioanzia Stanford, ambao hugawa hesabu za mikunjo ya protini kwa kompyuta za watu wa kawaida duniani zikiwa hazina kazi. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko, watu walijiunga kwa wingi kiasi kwamba kwa pamoja kompyuta hizo zilivuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, kabla ya kompyuta yoyote kubwa kufika hapo. Frontier, kompyuta kubwa ya Oak Ridge huko Marekani, ilifika mwaka 2022. Aliyeuongoza mradi wakati huo, Greg Bowman, alianza kupoteza uwezo wa kuona tangu utotoni, na bado amefanya maisha yake kuwa ya kutafuta maumbo ya vitu visivyoonekana.

Nami nilijiunga mwezi Aprili mwaka ule kwa kompyuta ya mezani ya mdogo wangu. Nilijiona mwanasayansi wa dunia. Siku ya tisa LUKU ilikata usiku saa nne, mama akatoka chumbani na tochi, akauliza nani anayewasha pasi usiku kucha. Nilimweleza kuhusu protini. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akachomoa waya.

#18 Kadi_ya_Matundu

Mama yako ameweka wazi jambo ambalo vitabu vya historia hulipita: ukokotoaji una bei, na lazima mtu ailipe. SWAC ilijengwa na serikali ya Marekani. Trueblood alitoa muda, mlipakodi wa Marekani akatoa umeme, kwa ajili ya mwanamke ambaye serikali hiyo hiyo ilikuwa imemnyima viza. Kila nikilifikiria hilo nacheka peke yangu.

#19 Kitochi_Cheusi

Na Thatcher, yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza? Nasikia alikuwa mwanafunzi wake na walifanya insulini pamoja.

#20 Bibi_Fuwele

Alikuwa mwanafunzi wake Somerville, ndiyo, akiitwa Margaret Roberts, lakini alichofanyia kazi mwaka wa nne ni gramisidini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Siasa zao zilikuwa mashariki na magharibi, na bado mwanafunzi alipokuwa waziri mkuu alitundika picha ya mwalimu wake ofisini.

Nami nikubali kosa langu la #2 kuhusu Nobeli na insulini. Mzee alinisahihisha kwa haki. Hata hivyo bado sijaona aliyejibu hoja ya fuwele. Mnazungumza kuhusu viza, umeme na yaya. Kama binti yule asingefurahia mchanga mweusi wa Khartoum, hata mngempa Lengau yote na wapishi kumi, angekokotoa nini?

#21 Mzee_wa_Titresheni

Hapo naungana na Bibi_Fuwele, jambo ambalo halijatokea katika jukwaa hili tangu uzi wa chumvi ya Uvinza.

#22 Mrututu

Nimechapisha uzi mzima nikampelekea mjomba. Alisoma akiwa amevaa miwani, akacheka mara moja, nadhani kwa ajili ya mama wa Yuniti_Sifuri. Hakusema amenikubali. Aliuliza tu kama mrututu ninaoutaja ndio ule aliopaka ng'ombe wake kwenye kwato, nikasema ndio. Akaniambia kuna kopo stoo.

Jumatatu nililipeleka darasani. Tuliyeyusha kwenye maji ya moto hadi usikubali tena kuyeyuka, tukachuja kwa kitambaa, tukafunga uzi kwenye penseli na kuulalisha mdomoni mwa chupa ya jemu, mbali na dirisha. Leo ni siku ya tano. Kwenye uzi kuna kipande cha buluu chenye ukubwa wa punje ya mchele, pande zake zimenyooka kama kimekatwa kwa rula, na wanafunzi wa kidato cha pili wanakuja kukitazama kabla ya gwaride.

#23 Bibi_Fuwele

Usiitikise chupa. Ukiona vipande vingine vinaota chini, kihamishie kile cha kwenye uzi katika chupa nyingine yenye maji yale yale, la sivyo vitakinyang'anya chakula. Na waambie watoto wasilambe.